Kuba ya Tabaka Tatu

Jumapili, 6 Machi 1977

Daftari hili nimepewa na Bwana Ochan la kuandikia vipimo. Kurasa za mbele ni za kazi: tarehe, mvua, milimita. Kurasa za nyuma nimezichukua mimi bila ruhusa, kwa kuwa karatasi haipatikani mjini na kichwa changu kimejaa.

Nikija kusoma haya siku moja nikiwa nimesahau: mimi ni Mwanawetu, mkokotoaji katika idara ya majengo, umri miaka thelathini na moja, naishi Kamwokya, Kampala, na mama yangu, Bi Sabah, anayefundisha wasichana Kurani sebuleni kwetu. Bwana Ochan ni mhandisi wangu. Yeye hubuni, mimi hukokotoa. Mwaka mzima sasa tumekuwa na jengo moja tu, ukumbi wa familia za askari, njia ya Ggaba ukipita Kansanga. Saruji hakuna, nondo hazipo, ndiyo maana akabuni paa la mbao: kuba ya mita ishirini na nne, iliyolala kama sahani iliyofunikwa, mbao nyembamba tabaka tatu zilizogandishwa kwa gundi, unene wote kama vidole viwili.

Wiki iliyopita mafundi waliondoa nguzo za chini. Katikati kuba ilishuka milimita kumi na moja. Hesabu yetu ilisema sita. Bwana Ochan aliitazama namba ile, akafuta miwani, akaitazama tena. 

Jumanne, 8 Machi

Mvua ya kwanza. Sukari hakuna. Kuba bado iko milimita kumi na moja.

Alhamisi, 10 Machi

Mvua. Kumi na tatu.

Jumapili, 13 Machi

Siku ya mashine. Kompyuta ya serikali wiki nzima huchapa mishahara, kwa hiyo sisi tumepewa Jumapili asubuhi. Kavugho ndiye mtoboaji wa kadi, zile za karatasi ngumu ambazo mashine husoma matundu yake; ni mwanamke wa Bwera, ana vidole vyepesi na ulimi mwepesi zaidi. Programu yetu ni kadi elfu moja na mia moja. Bwana Ochan alirudi nayo kutoka alikosoma, akaishona upya mwenyewe.

Leo kadi zilikwama mara nne kwenye kisomeo. Zimevimba kwa unyevu.

“Hizi kadi zinakunywa maji kama ng'ombe,” alisema Kavugho, akizipepea kwa gazeti. “Dada, lete jua.”

Mashine haikutoa jibu la hesabu. Nimerudi nyumbani kwa miguu.

Alhamisi, 17 Machi

Kumi na nne.

Kapteni Fadhul alikuja kwenye jengo. Yeye ndiye msimamizi upande wa jeshi, mtu mrefu, sauti ya chini, viatu vinavyong'aa hata kwenye tope. Akasimama katikati ya ukumbi akatazama juu.

“Injinia,” akasema, “hii nyumba kichwa yake iko uchi.”

Bwana Ochan akamwambia kuba haihitaji kitu juu.

“Mimi naleta ndege. Korongo ya chuma, na taji yake. Iko tayari kwa karakana. Kilo mia tisa. Tarehe saba mwezi wa tano wakubwa wanafungua, watoto ya askari wanacheza ngoma hapa chini, na ndege iko juu. Umesikia?”

“Nimesikia, Afande. Lazima tukokotoe kwanza.”

Kapteni akageuka kwangu. “Wewe ndiyo mama ya hesabu?”

“Ndiyo, Afande.”

“Basi kokotoa. Lakini jibu nimekwisha kukupa.”

Mafundi wakacheka kidogo, kisha wakaacha. Zubairi, msimamizi wa maseremala, hakucheka kabisa. Alikuwa ameweka kiganja chake kwenye ukingo wa kuba kama mtu anayempima mgonjwa homa.

Jumanne, 22 Machi

Kumi na sita. Bwana Ochan alifika ofisini saa tano, shati la jana. Tangu Februari watu wa kwao, Waacholi na Walango, wanachukuliwa na watu wa usalama makazini na majumbani, na sote tunajifanya hatuhesabu viti vinavyobaki vitupu. Jana walimchukua jirani yake kwenye ghorofa za Bukoto. Bwana Ochan halali tena kwake. Mkewe, Akidi, na watoto wawili bado wako pale, kwa sababu mwanamke akifunga nyumba ghafla watu huuliza.

Nilimwambia, “Bwana Ochan, ondoka.”

“Nitaondoka. Kwanza nataka kujua paa langu linafanya nini.”

Akanieleza taratibu, mlango ukiwa umefungwa. Hesabu tuliyofanya mwanzoni inachukulia kwamba kuba ikibebeshwa mzigo haibadiliki umbo, au inabadilika kidogo mno hata isihesabike. Kwa nyumba nyingi hiyo inatosha. Kwa gamba jembamba haitoshi. Likibonyea kidogo linakuwa umbo jingine, na lile umbo jingine lina nguvu pungufu, kwa hiyo linabonyea zaidi. Ni lazima kuikata kuba vipande, pete ishirini kutoka kileleni hadi ukingoni, kuweka mzigo kidogo, kutafuta umbo jipya, kisha kukokotoa upya kwa umbo hilo jipya, hatua kwa hatua.

“Na kuna gundi,” akasema. “Gundi ikilowa, tabaka zinateleza. Mbao tatu zinazoteleza si ubao mmoja mnene. Ni mbao tatu nyembamba, basi.”

Nikamuuliza itachukua muda gani.

“Jumapili tatu.”

Nilitamani kumtikisa mabega. Mtu anawindwa, naye anaomba Jumapili tatu.

Jumapili, 27 Machi

Mashine ilikubali kadi mara ya pili. Ikatoa karatasi ndefu. Hatua ya kwanza hadi ya sita namba zilikuwa za adabu: kilo mia moja, mia mbili, mia tatu, kuba ikishuka polepole. Baada ya hapo zikaanza kukimbia. Hatua ya kumi na tatu kilele cha kuba kilikuwa kimeshuka mita elfu nne, yaani kimezama chini ya ardhi na kuendelea.

Kavugho akasoma begani kwangu. “Hii nyumba yenu imekwenda jehanamu.”

“Kuna kosa kwenye programu,” akasema Bwana Ochan. Nami nilifikiri hivyo hivyo.

Jumatano, 30 Machi

Kumi na tisa. Natafuta kosa. Macho yananiuma. Mama ananiwekea chai kavu na kusema, “Mwanangu, hata Mungu hakuumba vyote siku moja.” Nimemjibu vibaya. Nimemwomba radhi.

Ijumaa, 1 Aprili

Mvua. Natafuta kosa.

Jumapili, 3 Aprili

Nililipata juzi jioni: alama ya kutoa palipotakiwa kujumlisha, kadi ya mia sita na arobaini na mbili, mahali pa kukokotoa jinsi tabaka ya chini inavyovutana na ya kati. Nilifurahi kama mtoto. Leo asubuhi Kavugho akatoboa kadi mpya, tukaendesha.

Mashine ikapita mzigo wa kilo mia sita, na namba zikakimbia tena.

Bwana Ochan akapunguza hatua, badala ya kilo hamsini akaweka kumi. Zikakimbia kwenye mia sita na arobaini. Akaweka kilo mbili mbili. Tulingoja saa nzima, mashine ikiguguna, nje mvua ikipiga mabati ya stoo. Mia sita thelathini na nane, sawa. Mia sita arobaini, zikakimbia.

Akakaa kwenye kiti cha Kavugho. Akavua miwani.

“Si kosa,” akasema. “Mwanawetu, tumekuwa wajinga wiki nzima. Mashine inatafuta umbo la kuba chini ya mzigo huu na hailipati, kwa sababu halipo. Umewahi kubonyeza ubavu wa debe? Unabonyeza, unabonyeza, linakuvumilia, halafu pa! Limeingia ndani. Hapo katikati hakuna umbo la kusimama.”

“Na hesabu ya kwanza ilisema itabeba tani tatu.”

“Ile ilikuwa hesabu ya kuba isiyosogea. Hakuna kuba ya namna hiyo.”

Ndege ana kilo mia tisa. Watoto watacheza chini yake.

Nilimtazama nikamheshimu kuliko siku zote. Amechoka, amekonda, hana pa kulala, na bado alikuwa anatabasamu kidogo, kwa sababu tu amejua. Akasema kesho ataandika barua ya kukataza ndege na kumpelekea Kapteni mwenyewe.

Jumatano, 6 Aprili

Ishirini na mbili. Bwana Ochan hakuja jana wala leo. Katika ofisi hakuna aliyeuliza. Mimi pia sikuuliza.

Alhamisi, 7 Aprili

Asubuhi tarishi aliniletea jalada la ukumbi ili niliweke kabatini. Ndani yake kuna hati ya kuidhinisha sanamu ya kilo mia tisa kileleni mwa kuba. “Imekokotolewa, ni salama.” Chini yake sahihi ya Bwana Ochan, tarehe nne Aprili. Naijua sahihi hiyo kama ninavyoujua mkono wangu.

Nilikwenda nikakaa chooni, mahali pekee penye komeo.

Mchana nilifungua karatasi za mashine za Jumapili, nikakuta ameandika kwa penseli ukurasa wa mwisho. Nimeinakili kisha nikaichoma:

“Mwanawetu. Nimetia sahihi, nimepewa na Kapteni karatasi ya njia ya kuvukia mpaka, ya mtu mmoja tu. Nisamehe. Usiache waweke ndege. Ning'iniza mapipa kileleni, jaza maji kidogo kidogo, watu wote wakae nje. Mwangalie Akidi.”

Kumbe ndivyo. Yeye amepata njia na mimi nimepata kuba. Yeye ametia sahihi na mimi ndiye wa kwenda kusema sahihi ile ni uongo, kwa kapteni wa jeshi. Nilimheshimu siku nne tu zilizopita. Leo nimemlaani kwa maneno ambayo Mama hajui kwamba nayajua.

Jumapili, 10 Aprili

Pasaka ya Wakristo. Nilikwenda Bukoto kumwona Akidi. Odur, mwanawe wa miaka sita, alinifungulia mlango akauliza kama nimekuja na baba. Mdogo, Filda, amelala. Akidi amekonda shingo. Anajua mumewe ameondoka na karatasi ya njia, hajui zaidi. Sikumwambia habari ya sahihi. Nilimpa chumvi kidogo na kipande cha sabuni.

“Akifika atatuma mtu,” alisema. “Yeye ni mtu wa kutuma habari.”

Jumanne, 12 Aprili

Ishirini na sita. Zubairi anasema usiku wa mvua mbao zinalia. “Si kelele ya mbao kukauka, Bi Mwanawetu. Hii ni ya mbao kuachana.”

Alhamisi, 14 Aprili

Sijamwendea Kapteni. Naogopa. Ndege amefika, amelazwa chini ya turubai karibu na geti, mguu mmoja umechomoza nje.

Jumatatu, 18 Aprili

Ishirini na tisa. Sijakwenda.

Jumatano, 20 Aprili

Nimekwenda.

Kapteni Fadhul alikuwa ofisini kwake, chumba kidogo kuliko nilivyodhani, picha ya watoto wawili wa kike ukutani. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu tangu Kamwokya, nikayasahau yote mlangoni. Nikasema tu:

“Afande, yule ndege akipanda, paa litaingia ndani.”

Akafungua mtoto wa meza, akatoa nakala ya ile hati, akaiweka mbele yangu. “Injinia amesema salama.”

“Injinia alisema hivyo kwa kuwa ulitaka aseme hivyo.”

Sijui maneno hayo yalitokea wapi.  Nilisikia mtu nje akipiga pasi ya mkaa, akiipuliza.

“Wewe hauogopi?”

“Naogopa, Afande.  Lakini nakuomba jambo moja. Tuning'inize mapipa ya maji kileleni, kwa ndani, tuyajaze taratibu, watu wote wawe nje. Kama hesabu yangu ni ya uongo, yatakaa, nawe fanya unavyotaka na mimi. Kama ni ya kweli, utakuwa umejua kabla ya wakubwa kufika.”

Akaipiga hati kwa kidole mara kadhaa.

“Kesho saa nne,” akasema. “Wewe utasimama kwa mlango pamoja na mimi.”

Alhamisi, 21 Aprili

Asubuhi kuba ilikuwa imeshuka milimita thelathini na moja. Mvua ya usiku ilikuwa imekatika, hewa nzito, tope jekundu hadi kwenye vifundo.

Zubairi na watu wake walikuwa wamefunga mnyororo kwenye duara la kileleni, chini yake fremu ya mapipa manne. Bomba la mpira likapitishwa dirishani kutoka kwenye gari la maji. Niliamuru watu wote watoke. Sijawahi kuamuru watu maishani mwangu, nao wakatii, nadhani kwa sababu Kapteni alikuwa amesimama nyuma yangu. Tukabaki mlangoni watatu: yeye, mimi na Zubairi aliyeshika bilula. Ndani tuliacha ubao mrefu wenye mistari, tukiusoma kwa darubini ya kupimia ardhi.

Lita mia moja. Kuba ikashuka milimita tano zaidi ya asubuhi. Lita mia mbili, kumi na moja. Tulikuwa tunangoja dakika tano kila hatua. Kapteni akawasha sigara.

Lita mia tatu. Ishirini. Lita mia nne, thelathini na tatu. Namba zilikuwa zinafuata karatasi ya mashine kama mtoto anayefuata mstari wa mwalimu, ila zikitangulia kidogo, na nikaelewa kwamba gundi imeoza kuliko tulivyoikadiria.

“Bado imesimama,” akasema Kapteni.

“Bado, Afande.”

Lita mia tano. Hamsini na moja. Hapo nilisikia kile alichokuwa anakisema Zubairi, mlio mwembamba, mrefu, kama mtu anayepasua kitambaa kipya polepole ili asiamshe watu.

“Zubairi, funga maji,” nikasema. Akafunga. Tulikuwa lita mia tano na thelathini. Nikaweka jicho kwenye darubini. Mstari ulikuwa unasogea. Maji yamefungwa, na mstari unasogea. Hamsini na nane. Sitini na tatu. Sabini.

“Nyuma!” nikapiga kelele, nikamvuta Kapteni mkono. Nimemvuta kapteni wa jeshi mkono wa shati.

Haikuanguka kama nilivyofikiri. Ilipinduka. Katikati yote ikashuka kwa pigo moja, sauti kama mzinga, kuba ikawa bakuli, kama mwavuli unaogeuzwa na upepo, mapipa yakagonga sakafu na maji yakatufuata hadi mlangoni. Ndipo vipande vikaanza kudondoka, kimoja kimoja, bila haraka. Vumbi la mbao likatoka mlangoni na kutufunika. Mbingu ikaonekana ndani ya ukumbi.

Hakuna aliyeumia. Naandika tena ili niamini: hakuna aliyeumia.

Zubairi alikuwa analia bila sauti. Miezi kumi na minne ya mikono yake. Mimi sikulia, nilikaa tu kwenye tope.

Kapteni Fadhul alisimama akitazama lile tundu, sigara imezimika kwa maji. Akasema, si kwangu wala kwa Zubairi, “Watoto yangu walikuwa wacheze mstari ya mbele.”

Ijumaa, 22 Aprili

Nimelala siku nzima.

Jumatatu, 25 Aprili

Kapteni ameniita. Sherehe imehamishiwa uwanjani. Wakubwa wanataka kujua kwa nini, na sababu lazima iwe na jina la mtu.

“Andika ripoti,” akasema. “Ochan aliharibu makusudi. Alitia sahihi, akakimbia. Watu wa serikali wataelewa mara moja.”

“Hakuharibu, Afande. Wewe na mimi tunajua.”

“Yeye amekwenda. Mtu ambaye amekwenda haiumi.”

“Mkewe hajakwenda. Na watoto.”

 Nilidhani nimemkasirisha, lakini alionekana tu kama mtu ambaye hajalala, na nikagundua kwamba viatu vyake leo vina tope. Yeye pia anangoja kuitwa na mtu.

“Wiki moja,” akasema.

Alhamisi, 28 Aprili

Nilimweleza Mama yote. Nilidhani atanikataza. Akafunga msahafu, akauliza tu: “Huyo Akidi ana urefu gani? Buibui la shangazi yako bado lipo.”

Jumapili, 1 Mei

Nilimwambia Kapteni kwamba ripoti haiwezi kuandikwa bila matokeo ya mwisho ya mashine. Nikamwambia Kavugho kwamba nahitaji mashine isipate matokeo. Hakuuliza kwa nini. Akachukua bunda la kadi, akaliweka kwenye beseni la maji ya kunywa, akalitoa, akalipangusa vizuri kwa khanga yake.

“Unyevu,” akasema. “Masika ya mwaka huu ni mabaya sana.”

Kisomeo kimekwama hadi fundi atoke Nairobi, na mipaka ilivyo, fundi wa Nairobi haji kesho.

Alhamisi, 5 Mei

Mvua. Kapteni ameuliza. Mashine, Afande.

Jumanne, 10 Mei

Kapteni ameuliza. Mashine.

Jumatatu, 16 Mei

Mama amerudi leo kutoka Busia. Siku nne sikula chakula cha maana.

Binamu yangu Nasser ana lori la kupeleka ndizi mpakani. Mama alikaa mbele naye, na katikati yao Akidi amevaa buibui la marehemu shangazi, taya limefungwa kitambaa. Ati anaumwa jino, hawezi kusema. Akisema tu maneno mawili, lafudhi ingetaja kwao. Watoto walikuwa nyuma na mikungu ya ndizi. Odur alifundishwa kuitika jina la Faruk.

Kizuizi cha tatu, baada ya Jinja, askari kijana aliwashusha wote. Akamtazama Akidi, akamtazama Mama na tasbihi yake.

“Mama, wewe ni mwalimu ya dini?”

“Ndiyo, mwanangu.”

“Mtoto yangu anaumwa. Homa haiachi. Unaweza kumsomea?”

“Yuko wapi?”

“Yuko Arua. Mbali.”

“Dua haitaki nauli,” Mama akamwambia. Akasimama pale barabarani kwenye manyunyu, akamuuliza jina la mtoto, akasoma hadi mwisho bila kufupisha neno. Askari kijana alikuwa amevua kofia. Kisha akawasaidia kupanda, na mkono uliomshika Akidi ili apande ulikuwa wa askari huyo mwenyewe.

“Nilimwombea kweli,” Mama aliniambia akivua viatu. “Usidhani nilimfanyia hila. Mtoto ni mtoto.”

Wamevuka usiku wa Jumamosi. Nasser aliwaona kwa macho yake wakipanda gari upande wa pili, Kenya.

Jumanne, 17 Mei

Mashine imepona. Kavugho anasema ni jua.

Jumatatu, 23 Mei

Nimeandika ripoti, kurasa tisa. Nimeandika kwamba hesabu ya kwanza ilikuwa sahihi kwa kuba isiyobadilika umbo, na kwamba kuba hii ilibadilika. Kwamba gundi ilinyonya maji na tabaka zikateleza. Kwamba mzigo wa kileleni haukuwamo katika mchoro wa asili. Nimeandika kwamba mhandisi alijua hatari hiyo tarehe tatu Aprili na ndiye aliyeshauri kupima kwa maji. Sahihi yake ya tarehe nne nimeieleza kwa mstari mmoja: ilitolewa kabla ya kipimo. Palipotakiwa jina la aliyehusika na makosa ya hesabu ya kwanza, nimeandika langu. Mimi ndiye niliyekokotoa. Ni kweli.

Jumatatu, 30 Mei

Kapteni aliisoma yote mbele yangu, kidole kikifuata mistari. Alipofika kwenye jina langu akasimama.

“Wiki moja imekuwa tano,” akasema.

“Mashine, Afande.”

“Mashine.” Akaitia ripoti mhuri, akaiweka kwenye trei. “Mimi nilituma mtu Bukoto wiki iliyopita. Nyumba tupu. Jirani anasema mama alikwenda kwa harusi.” Akanitazama. “Harusi nzuri?”

 Akaniashiria niende.

Ijumaa, 3 Juni

Mvua imekwisha. Kapteni ameniambia kwamba ripoti ilikwenda juu na hakuna aliyeiuliza. Wale waliotaka sababu wenyewe wamebadilishwa. Ndege bado amelala getini, watoto wa kambi wanampanda. Sijapata kuchoka kiasi hiki. Nilijiandaa kufa kwa ajili ya karatasi ambayo haijafunguliwa.

Jumatatu, 6 Juni

Nasser ameleta barua kutoka Kisumu, ameificha ndani ya soksi. Mwandiko wa Akidi, mstari wa kwanza salamu kwa Mama, wa pili kwamba watoto wazima, Filda ameota jino. Kisha:

“Baba Odur hajafika. Nimeuliza kwa watu wote wa kwetu walio hapa na hakuna aliyemwona. Nafikiri karatasi yake ilikataliwa akarudi Kampala. Akija ofisini, mwambie tuko Kisumu, nyuma ya kanisa, nyumba ya mlango wa kijani.”

Aliondoka tarehe nne Aprili. Leo ni siku ya sitini na tatu. Busia ni safari ya nusu siku.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Kapteni, sikupiga hodi. “Ile karatasi ya njia. Ulimpa kweli?”

Hakujifanya haelewi. “Nilimpa. Na mhuri yangu.” Akasugua uso kwa viganja vyote viwili. “Bibi, ile watu ya kizuizi, wengine hawajui kusoma. Wanaangalia sura.”

Ningependa kuandika kwamba alidanganya. Alisema kweli, nilimwona.

Basi siku zote hizo nilizomlaani, nikiungua kwa hasira kwamba amekaa mahali salama anakunywa chai yenye sukari, yeye hakuwa tena mahali popote hapa duniani. Naandika hapa, kwa kuwa sina pengine pa kuiweka: nisamehe, Bwana Ochan.

Nasser anarudi Busia kesho asubuhi na anataka jibu. Mama aliniuliza nitamwandikia nini huyo mwanamke. Nilisema sijui. Nimechana karatasi mbili, na karatasi hazipatikani. Kwenye ya tatu nimeuliza hali ya Odur, nimemsifu Filda kwa jino lake, na chini kabisa nimeandika: “Nimepata maagizo yako. Akija nitamwambia, nyuma ya kanisa, mlango wa kijani.”